Kutunza betri ya simujanja

Kutunza betri ya simujanja ni mazoea na mipangilio inayoisaidia betri ya simu kufanya kazi kwa muda mrefu. Maneno "muda mrefu" yana maana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Maana ya kwanza ni saa ambazo simu hukaa na chaji tangu ilipotolewa kwenye chaja hadi inapohitaji kuchajiwa tena. Maana ya pili ni miaka ambayo betri yenyewe hudumu kabla haijachoka na kuhitaji kubadilishwa. Kupunguza mwangaza wa skrini, kwa mfano, huongeza saa. Kuilinda simu na joto huongeza miaka. Mtumiaji anayeelewa tofauti hiyo huweza kuchagua hatua zinazomfaa.

Katika Afrika Mashariki jambo hili si la starehe tu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na nyingine za aina yake kuenea katika nchi jirani, simu imekuwa pia pochi ya fedha. Simu ikizimika, mwenye nayo anaweza kushindwa kulipa nauli, kununua dawa au kupokea fedha aliyotumiwa. Vilevile bei ya betri mpya, au ya simu nyingine, ni mzigo kwa familia nyingi.

Muundo na namna betri inavyofanya kazi

Karibu simujanja zote hutumia betri ya ioni za lithi. Lithi ni metali nyepesi kuliko zote, na ndiyo sababu betri ndogo na nyepesi huweza kubeba nishati nyingi.

Betri hiyo ina sehemu nne kuu:

- Upande chanya, ambao kwa kawaida ni mchanganyiko wa lithi, kobalti na oksijeni uliopakwa juu ya karatasi nyembamba ya alumini.
- Upande hasi, ambao kwa kawaida ni grafiti iliyopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Grafiti ni kaboni ya aina ileile iliyomo ndani ya penseli.
- Kitenganishi, yaani utando mwembamba wa plastiki wenye vitundu vidogo sana, unaozuia pande hizo mbili zisigusane.
- Elektroliti, yaani kimiminika ambamo ioni husafiri. Kimiminika hicho huweza kushika moto.

Wakati wa kuchaji, umeme wa chaja husukuma ioni za lithi kutoka upande chanya hadi upande hasi, ambako hujipenyeza katikati ya matabaka ya grafiti. Simu inapotumika, ioni hurudi zilikotoka kwa kupita ndani ya betri. Wakati huohuo elektroni hupita nje, kwenye saketi za simu, na mwendo huo wa elektroni ndio umeme unaoendesha skrini, spika na redio ya simu.

Ndani ya pakiti ya betri kuna pia saketi ndogo ya ulinzi. Kazi yake ni kukata umeme ikiwa betri imejaa kupita kiasi, imeisha kupita kiasi au nyaya zake zimegusana.

Historia

Betri ya kwanza iliyotoa umeme mfululizo ilitengenezwa na Mwitalia Alessandro Volta, aliyeitangaza mwaka 1800. Kipimo cha volti kimepewa jina lake. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi iliyoweza kuchajiwa upya. Betri za namna hiyo bado zinatumika katika magari hadi leo.

Simu ya mkononi ya kwanza kuuzwa, Motorola DynaTAC 8000X ya miaka ya 1980, ilitumia betri ya nikeli na kadmi. Iliwezesha mazungumzo ya nusu saa hivi tu, kisha ilihitaji saa nyingi za kuchajiwa.

Betri ya ioni za lithi ilitokana na kazi ya watu wengi. Katika miaka ya 1970 Mwingereza M. Stanley Whittingham, akiwa katika kampuni ya Exxon nchini Marekani, alitengeneza betri ya lithi iliyoweza kuchajiwa. Mwaka 1980 John B. Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kuwa mchanganyiko wa kobalti unafaa kwa upande chanya. Wakati huohuo Rachid Yazami, mzaliwa wa Fes nchini Moroko, alionyesha akiwa Ufaransa kwamba grafiti inaweza kupokea ioni za lithi na kuzitoa tena. Mwaka 1985 Mjapani Akira Yoshino aliunda betri iliyokuwa salama zaidi, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ilianza kuiuza teknolojia hiyo. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97, akawa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kupokea tuzo ya Nobel. Yazami alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa tuzo ya uhandisi ya Charles Stark Draper mwaka 2014, pamoja na Goodenough, Yoshino na Yoshio Nishi.

Vipimo vya betri

Ukubwa wa betri ya simu huandikwa kwa miliampea-saa, kwa kifupi mAh. Simujanja nyingi za siku hizi zina kati ya mAh 4000 na mAh 5000. Namba hiyo peke yake haisemi yote, kwa sababu nishati inategemea pia volti. Nishati hupimwa kwa wati-saa, na hupatikana kwa kuzidisha ampea-saa kwa volti.

Mfano: betri ya mAh 5000 ni sawa na ampea-saa 5. Kama volti yake ya wastani ni 3.85, nishati yake ni 5 × 3.85 = wati-saa 19.25. Ikiwa simu inatumia wastani wa wati 1, betri hiyo itadumu kwa takriban saa 19. Ikiwa inatumia wati 2, kwa mfano wakati wa kutazama video skrini ikiwa na mwangaza mkali, itadumu saa 9 na nusu hivi. Kwa hiyo hakuna siri katika kurefusha saa za chaji: ni kupunguza wati zinazotumika.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha gharama. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1000. Tukichukua kwamba kuijaza simu hiyo, pamoja na nishati inayopotea kama joto katika chaja, kunahitaji wati-saa 25 hivi, uniti moja inatosha kuichaji mara 40. Hivyo mtu anayelipia kuchaji simu kwenye duka au kibanda hulipia zaidi huduma, vifaa na kazi ya mwenye duka kuliko umeme wenyewe. Vilevile kuepuka kuchaji simu hakupunguzi sana matumizi ya umeme nyumbani. Faida kubwa iko katika kuifanya betri idumu.

Kwa nini betri huchoka

Kila betri ya ioni za lithi huanza kuchoka tangu siku ilipotengenezwa, hata isipotumika. Sababu kuu ni hizi:

Kwanza, juu ya grafiti hujengeka utando mwembamba unaotokana na elektroliti kuvunjika. Mwanzoni utando huo una faida, maana huikinga grafiti. Lakini huendelea kuwa mnene kidogo kidogo, na kila unapokua hunasa sehemu ya lithi ambayo haitarudi tena kazini. Joto huharakisha jambo hilo.

Pili, kila ioni zinapoingia na kutoka, grafiti na upande chanya hutanuka na kunywea kidogo. Baada ya kurudiwa mamia ya mara, nyufa ndogo hutokea.

Tatu, betri inapojaa kabisa volti yake hufika 4.2 hadi 4.4 au zaidi kidogo, kutegemea aina yake. Volti ya juu huongeza kasi ya mabadiliko ya kemia yasiyotakiwa.

Nne, betri ikichajiwa ikiwa na baridi kali, chini ya nyuzi 0 za sentigredi, lithi huweza kuganda kama metali juu ya grafiti badala ya kuingia ndani yake. Hali hiyo hupunguza uwezo wa betri na inaweza kuleta hatari. Jambo hili ni nadra katika nchi za joto, lakini linawahusu wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini wakati wa majira ya baridi.

Maisha ya betri hupimwa kwa mizunguko ya chaji. Mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100, si idadi ya mara ambazo chaja imechomekwa. Mtu akitumia asilimia 50 leo akachaji, na kesho akatumia asilimia 50 nyingine, amemaliza mzunguko mmoja tu kwa siku mbili. Kampuni ya Apple husema kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 baada ya mizunguko 1000, katika mazingira mazuri. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 20 Juni 2025, simujanja mpya zinazoingizwa sokoni zinatakiwa kuwa na betri inayobaki na angalau asilimia 80 baada ya mizunguko 800.

Kurefusha miaka ya betri

Joto

Joto ndilo adui mkubwa wa betri. Watengenezaji wengi hushauri simu itumike mahali penye nyuzi 0 hadi 35 za sentigredi. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, joto la mchana wa miezi ya kiangazi hukaribia kikomo hicho hata kivulini, kwa hiyo joto lolote la ziada lina madhara. Mambo yafuatayo yanafaa kuepukwa:

- Kuacha simu juani au juu ya dashibodi ya gari lililofungwa madirisha.
- Kuchaji simu ikiwa chini ya mto, juu ya godoro au ndani ya blanketi, ambako joto halina pa kutokea.
- Kucheza michezo mizito au kupiga simu za video kwa muda mrefu huku simu ikichajiwa.
- Kuiacha simu ndani ya kava nene wakati wa kuchaji ikiwa inapata joto la kuhisika mkononi.

Simu iliyopata joto kali ipumzishwe kivulini mahali penye upepo. Haifai kuitia ndani ya friji, kwa sababu hewa yenye unyevu hugeuka matone ya maji ndani yake.

Kiwango cha chaji

Betri hudumu zaidi ikikaa katikati kuliko ikikaa imejaa kabisa au imeisha kabisa. Kanuni rahisi ni kuchaji inapofika asilimia 20 hadi 30 na kuitoa inapofika asilimia 80 hivi, pale inapowezekana. Si dhambi kuijaza hadi asilimia 100 mtu anapokwenda safari. Kinachodhuru ni kuiacha imejaa kwa saa nyingi kila siku, hasa penye joto.

Tofauti inaonekana zaidi simu inapowekwa bila kutumika. Jedwali linalotumiwa sana na wataalamu wa betri linaonyesha kwamba betri iliyowekwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake, lakini ikiwekwa imejaa hubaki na asilimia 80. Kwenye nyuzi 40 namba hizo hushuka hadi takriban asilimia 85 na 65. Kwa hiyo simu ya akiba inayowekwa kabatini ifungwe ikiwa na nusu ya chaji, iwekwe mahali pa baridi ya kawaida, na kuchajiwa tena hadi nusu baada ya miezi sita.

Simu nyingi mpya zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80 au 85, au wa kuchelewesha kujaa hadi karibu na saa ambayo mwenye simu huamka. Mpangilio huo hupatikana katika sehemu ya betri ndani ya Mipangilio, na inafaa kuuwasha.

Chaja na kasi ya kuchaji

Simu hupokea umeme kwa kiasi inachokubali yenyewe. Hivyo chaja yenye wati nyingi iliyotengenezwa vizuri haiunguzi simu inayohitaji wati chache. Chaja ya haraka huongeza joto, ndiyo maana simu hupunguza kasi yenyewe betri inapokaribia kujaa. Ndiyo sababu asilimia 50 za kwanza hupatikana upesi, na 20 za mwisho huchelewa. Mtu asiye na haraka, kwa mfano usiku, anaweza kutumia chaja ya wati chache.

Hatari iko kwenye chaja na waya bandia. Chaja hupokea umeme wa volti 230 au 240 kutoka ukutani na kuushusha hadi volti 5 au zaidi kidogo. Ikiwa imetengenezwa kwa vifaa hafifu, utenganisho kati ya pande hizo mbili unaweza kushindwa, na mtumiaji akapigwa na umeme. Chaja nyepesi mno, isiyo na jina la mtengenezaji wala namba za volti na ampea, au inayopata moto sana, haifai kununuliwa hata kama ni rahisi.

Kurefusha saa za chaji

Skrini

Kwa watumiaji wengi skrini ndiyo inayokula chaji nyingi zaidi. Hatua zinazosaidia ni kupunguza mwangaza, kuruhusu mwangaza ujirekebishe wenyewe kulingana na mahali, na kuweka skrini izimike baada ya sekunde 30 bila kuguswa.

Mandhari meusi husaidia katika simu zenye skrini ya OLED, ambamo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe na nukta nyeusi huzimwa kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walionyesha mwaka 2021 kwamba faida yake ni asilimia 39 hadi 47 mwangaza ukiwa wa mwisho, lakini ni asilimia 3 hadi 9 tu mwangaza ukiwa wa wastani. Katika skrini za LCD, ambazo taa yake ya nyuma huwaka wakati wote, rangi nyeusi haiokoi chaji ya maana.

Mtandao

Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya redio yake ili isikike. Ndiyo maana simu huisha chaji haraka safarini, vijijini kwenye mtandao hafifu, au ndani ya jengo lenye kuta nene. Mambo yafuatayo husaidia:

- Kuwasha hali ya ndegeni mahali pasipo na mtandao kabisa, badala ya kuiacha simu itafute mnara bila mafanikio.
- Kwa simu ya laini mbili, kuzima ile laini ambayo haina mtandao mahali hapo, kwa sababu nayo huendelea kutafuta.
- Kutumia Wi-Fi pale ilipo, kwa kuwa kwa kawaida hutumia nishati kidogo kuliko data ya simu.
- Kuzima huduma ya kugawa intaneti kwa simu nyingine mara baada ya kuitumia.

Programu

Ndani ya Mipangilio, sehemu ya betri huonyesha kila programu imetumia asilimia ngapi. Orodha hiyo ndiyo mahali pa kuanzia, maana kila mtu ana matumizi yake. Programu inayotumia chaji nyingi huku haifunguliwi mara kwa mara izuiwe kufanya kazi chinichini, au ifutwe. Inasaidia pia kuzima arifa zisizo za lazima, kuzuia video zisijipakue zenyewe katika programu za ujumbe, na kuruhusu programu zijue mahali ulipo wakati zinapotumika tu.

Kiokoa betri hufanya mengi ya hayo kwa mguso mmoja. Apple iliweka mpangilio wa namna hiyo katika iPhone mwaka 2015, na mwaka huohuo Android ilianza kuzilaza programu simu inapokaa bila kuguswa.

Mahali pasipo na umeme wa uhakika

Umeme unapokatika mara kwa mara, ni bora kuchaji kidogo kidogo kila unapopatikana kuliko kungoja betri iishe. Kama ilivyoelezwa juu, kuchaji nusu nusu hakuidhuru betri. Umeme ukikatika, chaja ichomolewe, kwa sababu unaporudi huweza kuja na volti zinazopanda na kushuka ghafla.

Kwa wanaotumia paneli ndogo ya sola, paneli ndiyo inayotakiwa kukaa juani. Simu iwekwe kivulini, hata ikibidi kutumia waya mrefu zaidi. Simu inayochajiwa juani kando ya paneli hupata joto la aina mbili kwa pamoja, la jua na la chaji.

Pawabanki nayo ina hesabu yake. Iliyoandikwa mAh 10,000 hupimwa kwa volti 3.7 za seli zake, yaani wati-saa 37. Sehemu ya nishati hiyo hupotea inapobadilishwa kuwa volti 5 na tena ndani ya simu. Kwa hiyo haitaijaza simu ya mAh 5000 mara mbili kamili, bali mara moja na nusu hivi. Muuzaji anayedai kwamba pawabanki ndogo inayotosha mfuko wa shati ina mAh 50,000 hasemi kweli. Kwa wasafiri wa ndege, pawabanki hubebwa katika mzigo wa mkononi, si ule unaokwenda tumboni mwa ndege, na kikomo cha kawaida bila idhini ya shirika la ndege ni wati-saa 100.

Imani zisizo sahihi

"Simu mpya lazima ichajiwe saa nane kabla ya kutumika." Si kweli kwa betri za lithi. Betri hutoka kiwandani ikiwa na chaji kiasi na huweza kutumika mara moja.

"Lazima betri iishe kabisa ndipo ichajiwe." Imani hii ilitokana na betri za zamani za nikeli na kadmi, ambazo ziliweza kupoteza uwezo zikichajiwa nusu. Betri ya lithi haina tabia hiyo, na kuiishiza kabisa mara kwa mara huichosha. Simu ikionyesha asilimia zisizo sahihi, kwa mfano ikizimika kwenye asilimia 15, kuimaliza chaji na kuijaza mara moja kunaweza kurekebisha kipimo, lakini hakurudishi uwezo uliopotea.

"Kufunga programu zote kila mara huokoa chaji." Kwa kawaida programu iliyolala hutumia nishati kidogo sana, na kuianzisha upya hutumia zaidi. Ifungwe ile iliyokwama au inayojulikana kutumia chaji nyingi.

"Simu ikiachwa kwenye chaja usiku kucha italipuka." Saketi za simu nzima hukata chaji inapojaa. Hasara ya kawaida ni kuchoka mapema kwa betri. Hatari ya moto hutokana hasa na betri yenye kasoro, chaja mbovu au joto lililozibwa.

Usalama

Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 baada ya baadhi kushika moto. Januari 2017 ilieleza kwamba chanzo kilikuwa kasoro za betri zenyewe, zilizotoka kwa watengenezaji wawili. Tukio hilo lilionyesha kwamba hitilafu ndogo katika kitenganishi inatosha kuzigusanisha pande mbili za betri na kusababisha joto linalojiongeza lenyewe.

Dalili ya hatari inayoonekana kwa macho ni kuvimba. Kifuniko cha nyuma huinuka, au skrini huanza kubanduka ukingoni. Uvimbe huo ni gesi iliyotokana na kuvunjika kwa elektroliti. Simu ya namna hiyo izimwe, isichajiwe tena, na ipelekwe kwa fundi. Betri iliyovimba isitobolewe, isikandamizwe wala isirudishwe kwa nguvu mahali pake. Watoto wasiachiwe kuichezea.

Betri ikianza kutoa moshi, watu waondoke karibu nayo kwa kuwa moshi wake ni sumu. Kama moto ni mdogo na mtu yuko salama, maji mengi husaidia kupoza seli ili moto usirudi.

Kubadilisha betri

Betri iliyoshuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo huhesabiwa kuwa imechoka. Dalili nyingine ni simu kuzimika ghafla ikiwa bado na chaji, au kuwa nzito inapofanya kazi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Mwaka 2020 mamlaka ya Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowafahamisha wateja. Fundisho kwa mtumiaji ni kwamba simu iliyokuwa nzito huenda haijafa. Wakati mwingine betri mpya huirudishia kasi yake kwa gharama ndogo kuliko kununua simu nyingine.

Katika kununua betri, ni vyema kulinganisha namba ya modeli na mAh na zile za betri ya asili. Betri yenye ukubwa uleule wa umbo lakini iliyoandikwa mAh nyingi kupita kiasi ni ya kutiliwa shaka. Inafaa kudai risiti na dhamana hata kwa fundi wa mtaani.

Asili ya madini na utupaji

Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, karibu na miji kama Kolwezi na Likasi ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Pamoja na migodi mikubwa, wako wachimbaji wadogo wanaochimba kwa mikono katika mashimo yanayoweza kuporomoka, na mashirika ya haki za binadamu yameripoti watoto kuwa miongoni mwao. Grafiti nayo inapatikana Tanzania, kwa mfano Mahenge katika Mkoa wa Morogoro, na Balama nchini Msumbiji. Kila mwaka unaoongezwa kwenye maisha ya betri hupunguza mahitaji ya madini hayo na wingi wa taka.

Betri iliyokufa haifai kutupwa jalalani, kuchomwa pamoja na takataka wala kutumbukizwa chooni. Ikichomwa inaweza kupasuka, na ikioza kemikali zake huingia ardhini na majini. Njia salama ni kuziba ncha zake kwa gundi ya plastiki ili zisigusane na metali, kisha kuipeleka kwenye kituo cha kukusanyia taka za kielektroniki. Vituo vya kushughulikia taka hizo vipo katika baadhi ya miji ya Afrika Mashariki, vikiwemo vya Nairobi na cha Bugesera nchini Rwanda. Pale ambapo hakuna kituo karibu, fundi au muuzaji wa simu anayezikusanya kwa ajili ya urejelezaji ni afadhali kuliko jalala.